Kupitia Mlango wa Jikoni

Mchezo wa sataranji kati ya watu wa mlima wa Kibuli na polisi wa kambi iliyo chini yake una sheria moja isiyoandikwa katika kitabu chochote, nayo ndiyo inayoogopwa kuliko zote: anayeshindwa hubeba. Huubeba ubao kwa mikono yake mwenyewe, kwa miguu, mchana kweupe, mpaka nyumbani kwa aliyemshinda. Hapandi boda. Hafuniki ubao kwa kitambaa. Na watu hutoka milangoni kumtazama, maana Kampala watu wana shughuli nyingi, lakini hakuna shughuli inayoshinda kumtazama mwenzako aliyeshindwa akipita.

Shafiq, mwana wa Mzee Mahmoud muuza vitambaa, aliubeba ubao huo akiushuka mlima miaka minne iliyopita. Mpaka leo akifika kwenye kona ya fundi cherehani, aliyemcheka siku ile mpaka akaangusha mkasi, huvuka barabara akapita upande wa pili.

Na ubao wenyewe haukuwa wa dukani. Babu yake Shafiq, baba yake Mzee Mahmoud, alikuwa akisafirisha vitambaa kwa lori kutoka Mombasa, na aliuchonga kwa sababu alichoka kuokota kete sakafuni kila lori liliporuka shimo. Kila chumba cha ubao alikichimba kidogo kama kisahani, ili kete ikikaa itulie. Vyumba vyeusi akavichoma kwa chuma cha moto mpaka vikawa vinaparuza mkononi. Rangi ya kete ilipoanza kubabuka akachukua tupa, akazitia zile nyeusi pengo kichwani, asije dereva mjanja akabadilisha kete gizani. Alifanya yote hayo kwa ajili ya barabara mbovu. Hakujua kwamba alikuwa akimchongea mwanawe macho.

Kwani mwaka mmoja tu baada ya ubao kuondoka, macho ya Mzee Mahmoud nayo yaliaga. Ni sukari. Madaktari walijitahidi, dua zikasomwa, na asubuhi moja mzee akamuuliza binti yake Rumaisa kama kumekucha, hali jua limejaa dukani. Tangu siku hiyo alijaribu mbao za kawaida, zile za plastiki, na kila aliponyoosha mkono kutafuta farasi aliangusha kete zote. Mara ya mwisho alizikusanya kwa kupapasa, akazitia kwenye boksi, akasema zigawiwe watoto.

Ukabaki mchezo wa mdomo. Rumaisa hufundisha watoto Qurani asubuhi na kuuza dukani mchana, na wateja wakipungua yeye na baba yake hucheza hewani, huyu akitaja hatua yake na yule akitaja yake. Mwanzoni mzee alikuwa akimpiga binti yake barabara. Lakini siku hizi, katikati ya mchezo, alikuwa akipotea. Angeuliza, "Ndovu wangu yuko wapi vile?" Rumaisa angemwambia. Angeuliza tena. Kisha angenyamaza, akajifanya anasikiliza redio ya jirani. Rumaisa aliweza kuvumilia kila kitu, lakini si ukimya ule.

"Kichwa changu kizima," mzee alimwambia siku moja. "Vidole vyangu ndivyo vinavyotaka kazi."

Basi fikiria ilivyokuwa habari ilipopanda mlima kwamba Afande Otema, mkaguzi wa polisi aliyemshinda Shafiq na kuwashinda wote waliomfuata, amepewa uhamisho kwenda Kitgum, mbali kaskazini. Ubao ni wa mshindi, si wa kambi. Akihama, unahama naye. Watu wa Kibuli walikuwa na Jumapili moja tu iliyobaki ya kumwomba mchezo.

"Tumwambie ukweli," Shafiq alisema chakula cha jioni kikiandaliwa. "Otema si mtu mbaya. Tumwambie Baba haoni, na ule ndio ubao pekee anaoweza kuuchezea. Atatupa leo leo."

Mzee Mahmoud alikuwa chumba cha pili, lakini Mungu akichukua macho huongeza masikio. "Ubao ule uliondoka kwa mchezo," alisema kwa sauti, "utarudi kwa mchezo. Ukirudi kwa huruma nitaushika kama sahani ya sadaka. Na atakayekwenda kulia kambini, asirudi humu ndani."

Shafiq mwenyewe alikuwa ameapa kutocheza tena na Otema, na wanaume wengine wa mlimani kila mmoja alikuwa na safari ya ghafla. Huyu ana arusi Masaka, yule mgongo. Rumaisa aliwasikiliza mpaka udhuru wao ukaisha.

"Nitakwenda mimi," alisema.

Hakuna mwanamke aliyewahi kuchezea mlima. Haikuwa marufuku, ni kwamba hakuna aliyewahi kuuliza. Shafiq alimtazama dada yake, na alichokisema hakikuhusu wanawake.

"Usiende kufungua kwa ubavuni," alimsihi. "Tafadhali, Rumaisa. Utafanya tuchekwe."

Hapo ndipo penye ugomvi wa nyumba hiyo, na ni ugomvi wa zamani. Watu wengi wakianza sataranji huwasukuma askari wa katikati, wale walio mbele ya mfalme na malkia, hatua mbili mbili, kwenda kushika uwanja. Ukoo wa Mzee Mahmoud hauanzi hivyo. Wao humgusa askari aliye mbele ya farasi, kule pembeni upande wa malkia, wakamsogeza hatua moja tu, kwa adabu, kama anayefungua dirisha. Kwenye nafasi aliyoiacha humweka ndovu, ambaye polisi humwita askofu, aendaye mshazari. Akikaa pale, ndovu huitazama njia yote ya mshazari inayokatiza ubao mpaka kona ya mbali, ambako adui huweka vitu vyake vya thamani. Kisha husubiri.

"Katikati waachie wenye haraka," mzee alikuwa akiwafundisha wangali wadogo. "Mwache ajenge nyumba barabarani. Wewe kaa dirishani umhesabie matofali."

Shafiq alikuwa ameuonea haya mchezo huo. Siku ile ya kushindwa alifungua kwa katikati, kama vijana wa kwenye simu, akakutana uso kwa uso na Otema, na kukutana na Otema uso kwa uso ni sawa na kukutana na lori la mchanga mteremkoni. Rumaisa hakumkumbusha. Alimwambia tu, "Kaka, mimi sijui mlango mwingine."

*

Jumapili baada ya sala ya adhuhuri walishuka, Rumaisa mbele na Mzee Mahmoud mkononi mwa Shafiq, na nyuma yao nusu ya mlima. Mchezo ulikuwa kwenye kantini ya kambi. Koplo Filda, mwanamke wa Lira mwenye sauti ya kuamsha wafu, ndiye aliyekuwa mwamuzi kila mwaka, na alikuwa ameamuru kwamba bia na nyama ya nguruwe visionekane mpaka wageni waondoke. Televisheni ya mpira ilizimwa. Polisi wengine walinuna kana kwamba wamekatwa mshahara, lakini hakuna aliyethubutu kumjibu Filda.

Ubao ulikuwa mezani. Rumaisa alipoketi, akauweka mkono ukingoni, akasikia ile mikwaruzo ya babu chini ya vidole. Alitaka kuunyakua akimbie. Badala yake alitengeneza ushungi wake.

"Karibu mwalimu, karibu sana," alisema Afande Otema, akikaa. Alikuwa mtu mrefu, mpana, mwenye kucheka upesi, kiongozi wa gwaride, na alicheza kama alivyotembea. "Leo tufanye mchezo ya haraka, eh? Gari ya kubeba vitu yangu ya Kitgum iko nangoja. Hata hii ubao nimeitafutia blanketi mzuri ya kuifunga."

Polisi wakacheka. Rumaisa akasema, "Blanketi ujifunike mwenyewe, Afande. Kitgum usiku kuna baridi."

Sasa ni watu wa mlima waliocheka.

Filda alizitangaza sheria, kama kila mwaka. Ukigusa kete, icheze. Mgeni hushika nyeupe. Suluhu ikitokea, ubao unabaki kwa mwenye nao. Ukimtisha mfalme wa mwenzako, sema "Shah". Na ukimtisha malkia wake, sema "Mama", la sivyo huruhusiwi kumla. Hii ya mwisho ilitoka kwa yule babu wa lori, aliyesema kwamba anayemwibia mtu mama yake bila hodi si mchezaji bali mwizi. Polisi waliipenda sana sheria hiyo. Waliipenda mno, kusema kweli, mpaka wakaacha kuwatazama malkia wao wenyewe, wakingoja waitwe. Mzee Mahmoud aliliona hilo zamani, macho yake yakiwa mazima, na nyumbani kwake alifundisha vingine. "Neno la Mama ni zawadi kwa jirani," alisema. "Wako mtazame mwenyewe."

Rumaisa alisema bismillahi kimoyomoyo. Akanyoosha mkono, akawapita askari wa katikati wote, akamgusa yule wa pembeni. Hatua moja.

Filda alitangaza hatua hiyo kwa sauti, maana waliosimama nje madirishani walikuwa wengi kuliko waliokaa. Kicheko kikapasuka kantini nzima.

"Mwalimu!" Otema alisema, naye akicheka, lakini bila ubaya. "Hii mchezo gani? Unaingia nyumba ya watu kwa mlango ya jikoni?"

"Mgeni mwenye akili hupitia jikoni, Afande. Ndiko chakula kiliko."

Nyuma ya umati, kwenye benchi karibu na mlango, Mzee Mahmoud alikuwa ameegemeza kidevu kwenye fimbo yake. Rumaisa alimtupia jicho. Mzee alikuwa akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Otema alipeleka askari wake wa mfalme hatua mbili, akampeleka na wa malkia, wakasimama bega kwa bega katikati ya uwanja, wazuri wa kutazama. Rumaisa alimweka ndovu dirishani. Kisha akamtoa farasi wake wa upande wa pili. Otema, asiyeweza kumwona mtu amesimama bila kumwambia sogea, akamsukuma askari wake wa mfalme hatua nyingine, amfukuze farasi huyo. Umati wa polisi ukaguna kwa raha. Farasi akaruka, akatua katikati kabisa ya ubao, na hapo hata watu wa mlima wakaguna, lakini kwa uchungu. Kwa maana alikuwa ametua mbele ya ndovu wake mwenyewe, akaiziba ile njia ya mshazari ambayo ndiyo faida yote ya kufungua kwa ubavuni.

"Amejifungia ndani na ufunguo akautupa nje," polisi mmoja alisema.

Otema alimtazama farasi yule. Angeweza kumla wakati wowote kwa ndovu wake, wakabadilishana. Lakini alikuwa askari wa miaka mingi, na macho yake yalimwona kwa mazoea ya kazi: mfungwa yuko selo, mlango umefungwa, haendi popote. Na mfungwa aliye selo hawekewi walinzi wawili. Akamwacha. Mfalme wake akampeleka upande wa kushoto wa Rumaisa, nyuma ya ngome, ile kete ikaayo konani, na upande wa pili akaanza kuwashusha askari wa pembeni mmoja baada ya mwingine kuelekea alikojificha mfalme mweupe.

Gwaride lilikuwa linakuja. Rumaisa alilisikia kifuani. Kila Filda alipotangaza hatua ya askari mwingine mweusi, polisi walipiga mguu chini, wakacheka. Alimsogeza huyu akakinga, akamsogeza yule akaziba, na bado walikuja. Mikono yake ilianza kutoka jasho, akaipangusa kwenye buibui chini ya meza ili Otema asione.

Adhana ya alasiri iliposikika kutoka msikitini juu ya mlima, Filda aliinua mkono, na mchezo ukasimama. Aliufunika ubao kwa kitambaa cha meza, kama desturi, asije mtu akausoma wenzake wakisali.

Otema alimsogelea Rumaisa kabla hajatoka kwenda kutawadha. Alishusha sauti. "Mwalimu, umecheza mzuri. Sikutegemea. Mimi sitaki kukuaibisha mbele ya watu yako. Tufanye suluhu, tupeane mkono, hakuna mtu ya kubeba. Kale, sawa?"

Alikuwa anamaanisha wema, na ndiyo maana maneno yale yalimwingia Rumaisa vibaya. Suluhu ilimaanisha blanketi, na gari, na Kitgum.

"Webale, asante, Afande," alijibu. "Tutamaliza."

Shafiq alikuwa ameyasikia. Walipofika kwenye bomba la maji alimshika dada yake mkono. "Umeona hali yako pale mezani? Hatua tatu nne hivi atakuvunja mlango. Niachie nimwambie sasa. Baba hatajua."

"Atajua. Vidole vyake vitajua."

"Bora ajue na ubao mkononi kuliko—"

"Kaka." Rumaisa alifunga bomba. "Siku ile ulibeba ubao ukiwa umenyoosha shingo. Ulishindwa, lakini hukuomba. Mimi nilikuwa nyuma yako, nikajisikia fahari mpaka nikalia. Usiniharibie."

Shafiq hakujua hilo. Miaka minne alidhani mlima mzima ulimwona akiwa kituko. Aliachia mkono wa dada yake, akageukia bomba, akatawadha kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

*

Kitambaa kilipoondolewa, Rumaisa aliutazama ubao kama anayerudi chumbani mwake na kukikuta kimefagiliwa. Sasa aliliona jambo zima. Farasi wake katikati hakuwa mfungwa, alikuwa pazia. Nyuma yake ndovu alikuwa akitazama njia ndefu iliyokuwa tupu, na ni Otema aliyeifagia mwenyewe alipomsukuma askari wake mbele kumfukuza farasi. Pazia likivutwa, chochote kitakachokuwa mwisho wa njia ile kitaonekana. Lakini kulivuta bure hakufai. Pazia livutwe siku ambayo mwenye nyumba hawezi kwenda dirishani. Alihitaji vitu viwili, na vyote viwili vilikuwa mikononi mwa Otema: mfalme wake asogee chumba kimoja, farasi aweze kumfikia, na malkia wake aje kusimama njiani.

Cha kwanza aliweza kukiomba. Alibadilishana askari upande ule, akaileta ngome yake imkodolee macho askari aliyekuwa mbele ya mfalme mweusi. Otema alikuwa na haraka, lakini hakuwa mzembe. Akamsogeza mfalme chumba kimoja pembeni, amlinde askari wake. "Mfalme atulie nyumbani," alisema, "vijana wanamaliza kazi."

Cha pili hakuweza kukiomba. Alicheza hatua ndogo ya kungoja, akamsogeza askari wa pembeni kabisa, hatua moja. Filda aliitangaza, na mtu mmoja dirishani akauliza kama mwalimu amelala.

Otema aliutazama upande wa mfalme mweupe. Askari wake walikuwa wamefika. Kilichobaki kilikuwa mkubwa wa kuwasimamia. Alimtafuta malkia, akamshika, akasita akiwa amemshika hewani. Hakuna aliyesema "Mama". Kulikuwa kimya, na kwa polisi wa kambi ile kimya kilikuwa na maana moja tu: malkia yuko salama. Otema akamweka nyuma ya askari wake, kwenye kile kisahani kilichochomwa na babu, na kisahani hicho kilikuwa juu ya njia ya mshazari.

"Sasa mwalimu," alisema kwa upole, "jikoni kunaanza kuungua."

Rumaisa alimshika farasi. Akamwinua kutoka katikati, akamvusha, akamweka karibu na mfalme mweusi. Kete iliingia kwenye kisahani chake kwa mlio mdogo wa mbao.

"Shah," alisema.

Otema alishaanza kunyoosha mkono. Askari wake angemla farasi yule, kazi rahisi.

"Na mama," Rumaisa akasema.

Mkono wa Otema ulibaki hewani. Wakasikika kuku wa uani. Otema alimtazama farasi, akamtazama mfalme, na kisha macho yake yakarudi nyuma taratibu, chumba kwa chumba, kwenye mshazari uliokuwa tupu, mpaka dirishani alikokaa ndovu tangu mwanzo wa mchezo, ndovu ambaye kila mtu alikuwa amemsahau. Kama si shah, malkia angemla ndovu yule yeye kwanza, mambo yakaisha. Lakini mfalme akiitwa, kila kitu kingine kinasubiri. Amle farasi, malkia anakwenda. Amkimbize mfalme, malkia anakwenda.

Filda alifungua mdomo kutangaza, na kwa mara ya kwanza sauti ikamkatalia. Akakohoa. "Farasi mweupe," alisema. "Shah. Na mama."

Kule nyuma fimbo ilianguka sakafuni. Mzee Mahmoud alikuwa amesimama. Maneno hayo mawili kwa pumzi moja alikuwa ameyasikia mara moja tu maishani, kinywani mwa baba yake, ndani ya lori lililokwama kwenye tope, na aliwasimulia watoto wake mpaka wakachoka.

"Rudia, mwanangu," alisema.

Kwa sheria haikuwa lazima. Rumaisa aligeuka kitini, akamtazama baba yake juu ya vichwa vya watu wote wale, akasema kwa sauti aliyokuwa akiitumia darasani, iliyofika mpaka uani. "Shah, Baba! Na mama!"

Mlima ukalipuka. Kigelegele kilianza dirishani, kikaingia ndani, na baadhi ya wake wa polisi wakakipokea bila kujali waume zao. Shafiq alikuwa amesimama juu ya benchi, anapiga kelele zisizo na maneno.

Otema hakuwa mtu wa kukimbia. Alimla farasi, akampoteza malkia, na ngome iliyokuwa konani nyuma ya malkia ikafuata, na bado alipigana kwa heshima na askari wake waliobaki bila mkubwa. Halafu, alipoona hakuna zaidi, alimlaza mfalme wake kwenye kisahani, akasimama, akampigia Rumaisa saluti kamili kama mbele ya mkuu wa polisi. Kisha akavua kofia, akampa Filda.

"Nionyesheni njia ya kwenda Kibuli," alisema. "Siku zote naijua, lakini leo ni ya kupanda."

*

Aliubeba mbele ya kifua, ukiwa sawa kabisa, hatua za gwaride. Filda alifuata na kete kwenye kikapu, na polisi nyuma wakaimba wimbo wa kurutu wakiubadilisha maneno, wakamcheka bosi wao waziwazi, kwani siku ya kubeba hakuna cheo. Waendesha boda walipiga honi. Wanawake waliacha sufuria motoni. Shafiq alitembea mbele ya wote, na walipofika kwenye kona ya fundi cherehani hakuvuka barabara. Alisimama mlangoni pake, akamsalimia kwa salamu ndefu, akamuuliza habari za mkasi.

Rumaisa alikuwa amemshika baba yake mkono. Mzee hakusema neno njia nzima, lakini ukimya huu haukuwa ule wa dukani. Alikuwa akipanda mlima kwa hatua za mtu aliyeitwa.

Walipofika barazani, mzee aliketi, na Otema akapiga goti moja, akamwekea ubao kwenye meza ndogo mbele yake. "Haji, ubao yako imerudi," alisema. "Nimeitunza. Haina hata doa."

Mzee Mahmoud alinyoosha mikono yote miwili. Vidole viligusa ukingo, vikatambaa ndani, vikapita kwenye chumba laini, kinachoparuza, laini, kinachoparuza. Filda alipotua kikapu, mzee alitia mkono akaanza kuzipanga kete moja moja bila kukosea, akipapasa pengo kichwani mwa zile nyeusi, na hakuna iliyoanguka. Machozi yalikuwa yakimtiririka naye hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Otema alibaki amepiga goti. Aliitazama mikono, akayatazama macho ya mzee, akamgeukia Rumaisa. Uso wake wote ulikuwa umebadilika.

"Mwalimu," alisema polepole. "Kwa nini hamkusema? Mimi ningeleta hii kitu mwenyewe. Siku ya kwanza ningeleta."

"Ndiyo sababu hatukusema, Afande," akajibu Mzee Mahmoud. "Shafiq, mletee mgeni kiti. Rumaisa, chai. Gari la Kitgum linaondoka saa ngapi?"

"Itangoja, Haji."

"Basi kaa. Nyeupe ni ya mgeni, lakini leo niachie mimi, vidole vyangu vimengoja sana."

Otema akakaa. Watu walijaa mpaka ngazini, na Filda akajisogeza apate kutangaza. Mkono wa mzee ulielea juu ya askari wake, ukawapapasa wa katikati mmoja mmoja kama anayewasalimia, ukawaacha. Ukaenda pembeni, ukamkuta yule aliye mbele ya farasi, ukamsogeza hatua moja.

"Nimepiga hodi jikoni," alisema. "Haya, mwangalie mama yako."